Risasi Ipi Yafaa Kichakani?

Habari za bunduki za wenzo, pongo wa msitu wa Mau, na wajibu wa mtu ashikaye silaha

Kedowa ni mji mdogo ulio kwenye njia ya reli itokayo Nakuru kwenda Kisumu, baina ya Londiani na Kipkelion. Huko mashamba ya mahindi, viazi na chai hayako mbali na msitu, na asubuhi ukungu ukiisha kuondoka, mwenye shamba huweza kuona katika udongo nyayo za mgeni aliyekuja usiku. Mara nyingi mgeni huyo ni pongo, yule mnyama wa kichakani ambaye wengine humwita mbawala. Hula majani ya maharagwe na mboga, na kabla ya jua kuchomoza amekwisha kurudi msituni.

Basi watu wakutanapo dukani au penye banda la kupimia chai, neno la pongo huzaa neno la bunduki. Mkulima husema kwamba bunduki kubwa ndiyo bora, kwa kuwa risasi nzito hupenya majani na kumwangusha mnyama papo hapo. Karani naye, aliyesoma vitabu, husema kwamba kasi ndiyo kila kitu, na kwamba risasi ndogo iendayo mbio hushinda kubwa iendayo polepole. Mzee aliye kando yao huwasikiliza wote wawili, kisha husema, "Wanangu, pongo haulizi ukubwa wa risasi. Huuliza imempata wapi."

Makala hii yaeleza mashindano hayo kwa hesabu zinazojulikana, ili kila msomaji apime mwenyewe nani asemaye kweli. Lakini kwanza lazima ifahamike kwamba kuwinda wanyama nchini Kenya kulikatazwa mwezi wa Mei 1977, na katazo hilo lasimama hadi leo. Habari hizi si ruhusa ya kuingia msituni na bunduki. Ni maarifa, na mwisho wake ni kuonyesha kwa nini jambo hili halifai kuchukuliwa kama mchezo.

Bunduki ya wenzo ni ipi?

Wenzo ni kipande cha chuma kilicho chini ya bunduki, karibu na kifyatuo, ambacho mpigaji hukisukuma chini na kukirudisha juu kwa mkono ule ule wa kufyatulia. Wenzo ukishuka, mtambo hufunguka na kulitupa nje ganda lililokwisha kupigwa. Ukipanda, risasi mpya huingia katika mtutu na mtambo hufungika. Kazi yote hiyo huchukua muda mfupi sana, na mpigaji hana haja ya kuondoa kitako begani.

Afrika ya Mashariki iliijua bunduki yenye wenzo tangu zamani. Jeshi la Waingereza liliikubali bunduki ya Martini-Henry katika mwaka wa 1871, na baadaye askari wengi wa mwanzo wa sehemu hizi waliibeba. Lakini Martini haikuwa na ghala ya risasi. Kila mara ilipopigwa, askari alishusha wenzo, akatia risasi moja kwa vidole, akapandisha wenzo tena. Risasi yake ilikuwa na kichwa kizito cha gramu 31, kilichosukumwa na baruti nyeusi kwa kasi ya meta 410 hivi kwa sekunde. Ilijulikana kwa moshi wake mwingi, na ilijulikana zaidi kwa teke lake, lililowaumiza mabega askari waliopiga mfululizo.

Huko Marekani mafundi walifuata njia nyingine. Waliweka mrija chini ya mtutu, na ndani ya mrija risasi hupangwa moja nyuma ya nyingine, kama mabehewa ya treni. Iliyo mashuhuri kuliko zote ni Winchester ya mwaka 1894, iliyobuniwa na fundi John Moses Browning. Bunduki za namna hiyo zimetengenezwa zaidi ya milioni 7. Ni nyepesi, ni fupi, na huingia vichakani bila kukwama. Kwa hiyo imekuwa bunduki ya mkulima wa Marekani awindaye ayala, yule mnyama ambaye wasomaji wa Zaburi wanalijua jina lake. Hapa kwetu ayala hayuko. Aliye karibu naye kwa tabia ya kujificha kichakani ni pongo. Dume la pongo lina uzito wa kilo 40 hadi 80, na ayala mwenye mkia mweupe wa Marekani kwa kawaida huwa mzito zaidi kidogo. Kwa hiyo risasi iliyomtosha ayala yamtosha pongo na kubakiza.

Risasi na sehemu zake

Watu wengi hutumia neno risasi kwa kitu kizima kitiwacho katika bunduki. Hakika kitu hicho kina sehemu nne. Kuna ganda la shaba. Nyuma ya ganda kuna fataki. Ndani kuna baruti. Na mbele kuna kichwa, ambacho ndicho kiendacho kumpata mnyama. Kifyatuo kikivutwa, msumari wa bunduki hugonga fataki, fataki huwasha baruti, na moshi wa baruti hukisukuma kichwa kupitia mtutu.

Mrija wa Winchester ulileta tatizo moja ambalo yafaa lielezwe. Kwa kuwa risasi hupangwa moja nyuma ya nyingine, ncha ya kichwa cha moja hugusa fataki ya iliyo mbele yake. Kama kichwa kina ncha kali ya chuma, na bunduki ikatikiswa kwa nguvu, ncha hiyo yaweza kugonga fataki kama msumari, na risasi ikalipuka ndani ya mrija chini ya mkono wa mwenye bunduki. Ndiyo maana vichwa vya risasi za bunduki hizi hufanywa bapa au mviringo. Katika miaka ya 2000 kiwanda cha Hornady kilianza kuuza vichwa vyenye ncha laini kama mpira, ambavyo vyaweza kutiwa katika mrija bila hatari hiyo. Lakini sheria ya zamani yabaki: mtu asitie katika bunduki ya mrija risasi yenye ncha kali isiyofanywa kwa ajili yake.

Risasi tano zapimwa

Ya kwanza ni .30-30 ya Winchester, iliyotoka katika mwaka wa 1895. Ilikuwa miongoni mwa risasi za kwanza za uwindaji Marekani kutumia baruti isiyo na moshi. Kichwa chake cha gramu 11 huondoka kwa kasi ya meta 670 kwa sekunde.

Ya pili ni .35 ya Remington, ya mwaka 1906. Kichwa chake ni cha gramu 13, na kasi yake ni meta 634 kwa sekunde. Bunduki ya wenzo ya Marlin 336, iliyotolewa katika mwaka wa 1948, ilipata kutengenezwa kwa risasi hii, na wawindaji wengi wa misituni waliipenda.

Ya tatu ni .44 Magnum, iliyobuniwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya bastola, kisha ikatiwa katika bunduki fupi za wenzo. Kichwa chake ni cha gramu 15.5, na ikitoka katika mtutu wa bunduki kasi yake ni meta 536 hivi kwa sekunde.

Ya nne ni .45-70, risasi ya kale ya jeshi la Marekani, ya mwaka 1873. Kwa kipimo chake cha zamani kichwa ni cha gramu 26, na kasi ni meta 405 tu kwa sekunde. Kwa tabia yafanana sana na ile ya Martini.

Ya tano ni .405 ya Winchester, ya mwaka 1904. Kichwa cha gramu 19.4 huenda kwa kasi ya meta 670 kwa sekunde. Ilifanywa kwa bunduki ya Winchester ya mwaka 1895, ambayo haina mrija bali kisanduku cha risasi mbele ya kifyatuo.

Sasa nguvu ya risasi hupatikana kwa kuzidisha nusu ya uzito wake kwa kasi, na tena kwa kasi. Kipimo chake huitwa juli. Hesabu ikifanywa, .30-30 yapata juli 2,470 hivi; .35 yapata 2,610; .44 yapata 2,230, na.45-70 yapata 2,130. Msomaji ataona jambo la ajabu. Kichwa cha gramu 11 na kichwa cha gramu 26 havikutofautiana sana kwa nguvu, na kile chepesi ndicho kilichoshinda. Ni .405 peke yake iliyojitenga na wenzake, kwa juli 4,350.

Basi karani ameshinda? Bado. Bega la mpigaji halipigwi kwa hesabu hiyo. Teke la bunduki hufuata uzito ukizidishwa kwa kasi mara moja tu. Kwa hesabu hii ya pili .30-30 ndiyo ya chini kuliko zote, .45-70 yaizidi kwa karibu nusu yake, na .405 yaizidi kwa robo tatu hivi. Mtu aogopaye teke hufumba macho na kukaza mkono kabla ya kufyatua, na risasi yake huenda pembeni. Nguvu yote iliyoongezwa imepotea hewani, au, vibaya zaidi, imempata mnyama tumboni.

Habari ya umbali

Kila risasi huanza kuanguka mara itokapo katika mtutu, kama jiwe lililoachwa mkononi. Tofauti ni muda iliopewa kuanguka. Kwa umbali wa meta 100, .30-30 huanguka sentimita 13 hivi, yaani pungufu ya shibiri. Risasi ya .45-70, kwa kuwa ni ya polepole, huanguka sentimita 35 hivi, yaani shibiri moja na nusu. Mahali pa kumpiga mnyama, penye moyo na mapafu nyuma ya mguu wa mbele, pana upana wa sahani ndogo tu. Kwa hiyo mwenye .45-70 asiyejua umbali wake sawasawa aweza kupiga chini ya kifua au mguuni.

Lakini katika msitu kama wa Mau ni nadra mtu kuona meta 100. Mianzi, miti na magugu humruhusu aone hatua 30 au 40 tu. Kwa umbali wa meta 30, tofauti ya kuanguka baina ya risasi hizo mbili ni sentimita 2 hivi, upana wa kidole gumba. Hapo kasi haina faida kubwa, na mkulima aliyesifu risasi nzito apata sehemu ya haki yake: katika umbali mfupi risasi ya polepole hufanya kazi yake vizuri.

Hata hivyo neno lake la pili si kweli. Kuna imani, hapa na huko Marekani, kwamba risasi nzito hupita katika matawi bila kupotoka. Majaribio mengi yamefanywa kwa kupiga risasi za namna zote kupitia vijiti na vichaka, na zote zilipotoka, nzito kwa nyepesi. Hakuna risasi ya kupenya kichaka. Mpigaji mwema hungoja mpaka mnyama atokeze mahali peupe, na asipotokeza, haipigi bunduki yake.

Kwa hiyo, likiulizwa swali lenyewe bila mapambo, jibu ni hili. Kwa mnyama wa ukubwa wa pongo au ayala, katika umbali usiozidi meta 100, .30-30 yatosha kabisa, na .35 ni nduguye anayempita kidogo kwa uzito. Risasi ya .44 yafaa kwa karibu sana, na haifai zaidi ya hapo. Risasi ya .45-70 yatosha pia, lakini yadai bega la mtu mzima na jicho la kupima umbali. Ama .405, hiyo ni kumpiga panya kwa mchi.

Mgeni mashuhuri aliyepita Kedowa

Risasi hiyo ya .405 ina historia katika nchi hii. Mwezi wa Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani mwezi uliotangulia, alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit ili kukusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian. Miongoni mwa bunduki zake ilikuwako Winchester ya wenzo ya .405, ambayo aliisifu sana kwa kupigia simba. Kwa wanyama wakubwa kama vifaru na tembo alikuwa na bunduki nzito ya mitutu miwili iliyofanywa Uingereza.

Mwezi wa Desemba 1909, alipokuwa akienda Uganda, alisafiri kwa treni mpaka Kisumu, kwa njia ile ile ipitayo Kedowa. Kabla ya hapo msafara wake ulikaa Njoro, na Kermit akaingia msitu wa Mau pamoja na Wandorobo, yaani Waogiek, kumtafuta bongo. Yafaa ikumbukwe kwamba mgeni yule mwenye bunduki bora za dunia asingaliweza kumwona bongo bila watu wale, ambao tangu kale waliwinda katika msitu ule kwa mishale na mitego, na waliojua kusoma jani lililovunjika kama karani asomavyo barua.

Katika safari nzima Roosevelt na mwanawe waliwapiga wanyama wakubwa 512. Siku zile watu walidhani ya kuwa msitu hauna mwisho. Leo bongo wa milimani wabaki Kenya peke yake, na kwa makisio wale walioko porini hawafiki 100. Si uwindaji peke yake uliowamaliza. Kukatwa kwa misitu, mbwa, mitego ya waya na magonjwa vyote vilisaidia. Lakini hesabu yenyewe yatosha kumfanya mtu aweke chini kikombe chake na kufikiri.

Mnyama aliyejeruhiwa

Hapa ndipo neno la yule mzee lirudipo. Katika kubishana juu ya risasi watu husahau yule apigwaye. Pongo aliyepigwa vema katika mapafu hukimbia hatua chache na kuanguka. Pongo aliyepigwa tumboni au mguuni hukimbilia kichaka kizito, hulala humo, na kufa kwa uchungu baada ya saa nyingi au siku nyingi. Tena akifuatwa, si mpole. Pembe zake ni fupi lakini ni kali, na dume lililojeruhiwa limejulikana kuwaua mbwa na kuwachoma watu. Kwa hiyo wawindaji wenye heshima, katika nchi zote, walishika kanuni moja: aliyemjeruhi mnyama lazima amfuate mpaka mwisho, hata usiku ukiingia, hata mvua ikinyesha.

Pia kuna hatari kwa watu. Risasi ya .30-30 isiyopata kitu yaweza kwenda zaidi ya kilometa 2. Pembeni mwa misitu ya nchi ya chai, ndani ya kilometa 2 kuna nyumba, shule, njia za watoto na wachumaji wa majani. Mtu apigaye bunduki gizani akidhani ni pongo hajui ni nani asimamaye nyuma ya pongo huyo, au kama ni pongo kweli.

Sheria na shamba

Katika siku za ukoloni leseni za kuwinda zilikuwako, na kwa sehemu kubwa zilikuwa mikononi mwa Wazungu, hali Mwafrika aliyetega mtego alihesabiwa kuwa mwizi wa wanyama. Uchungu huo wakumbukwa hata leo, na Waogiek walipeleka shauri lao la kutolewa msituni mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu huko Arusha, ambayo mwaka 2017 iliamua kwamba haki zao zilivunjwa. Tangu mwaka 1977, kwa upande wa kuwinda, katazo ni la wote, tajiri na maskini, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka adhabu kwa awindaye kwa kitoweo na kwa auzaye nyama ya porini. Nchi jirani ya Tanzania huruhusu uwindaji kwa leseni, lakini leseni ya huko haifai kitu Kedowa. Kuwa na bunduki bila kibali ni kosa lingine peke yake.

Basi mkulima afanye nini maharagwe yake yakiliwa? Kwanza apeleke habari kwa Shirika la Wanyamapori au kwa chifu, mapema, akionyesha nyayo na uharibifu. Pili, apande mazao yapendwayo na pongo mbali na ukingo wa msitu, na mahali pa kwanza apande mimea isiyomvutia. Tatu, aweke ua wa miiba au wa miti iliyosukwa karibu karibu, kwa maana pongo hupenda kupenya mahali palipo wazi kuliko kuvunja. Nne, majirani washirikiane kulinda usiku kwa zamu, kwa taa na kelele, wakati mazao yanapochipua. Kazi hizi hazina sifa kama kubeba Winchester begani, lakini hazimpeleki mtu gerezani, wala hazimwachi mnyama akioza kichakani.

Hivyo mashindano ya banda la chai yaweza kumalizika kwa amani. Karani alisema kweli kuhusu hesabu ya kasi, na mkulima alisema kweli kuhusu umbali mfupi. Lakini mzee aliwashinda wote, kwa kuwa alikumbuka kwamba upande wa pili wa kila risasi pana kiumbe. Mwenye kuhifadhi hilo moyoni, hata kama hatashika bunduki maisha yake yote, amejifunza sehemu iliyo kubwa ya elimu ya silaha.